Unataka kuandika muuaji wa kulipwa atakayekumbukwa? Anza na mtu ambaye hakumuua

Kuna skripti moja ambayo kila anayeanza kuandika muvi za eksheni lazima aiandike. Jamaa kavaa koti refu la ngozi, yaani Dar, mwezi wa pili, saa saba mchana, koti la ngozi, alafu miwani ya jua, haongei na mtu, anafungua begi anaunganisha bunduki kipande kimoja kimoja, anampiga mtu risasi ya kichwa, anawasha sigara anasepa. Kurasa tisini za hivyo hivyo. Ukifunga laptop umeshamsahau, alafu mwandishi anakuja kuuliza eti mbona watu hawamuogopi muuaji wangu wakati ameua watu zaidi ya ishirini.

Hawamuogopi kwasababu kuua kwenye muvi kila mtu anaua. Hata yule mlinzi wa getini asiye na jina anaua kabla hajafa. Ukiwachunguza wauaji wa kulipwa waliobaki kichwani mwa watu, wa Ufaransa, wa Hong Kong, wa Marekani, utaona kitu kimoja kinajirudia mpaka kinachekesha: kila mmoja ana mtu ambaye alikuwa na uwezo wa kumuua, pengine alitakiwa amuue kabisa, na hakumuua. Hiyo ndo sini watu wanayotoka nayo. Kwaiyo maelekezo yangu yote hapa yanaanzia hapo, na kama utasoma aya hii tu ukaondoka, ondoka na hili: kabla hujaandika bunduki, muandike huyo mtu.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue taratibu maana ndo darasa lenyewe. No Country for Old Men, ya 2007, ya ndugu wawili Coen, imetolewa kwenye riwaya ya Cormac McCarthy. Muuaji anaitwa Anton Chigurh, kaigiza Javier Bardem na Oscar akapata kwa hiyo. Nywele zake zimekatwa kama za mtoto wa shule ya bweni aliyenyolewa na mama yake, silaha yake ni mtungi wa hewa wenye mpira, kile kifaa wanachoulia ng'ombe machinjioni. Sasa ukimuuliza mtu yeyote aliyeiona ile muvi sini gani inatisha kuliko zote, tisa kati ya kumi watakwambia ya sheli. Na pale sheli hafi mtu.

Angalia ilivyojengwa. Mzee wa sheli anamuuliza swali la kawaida kabisa la kupoteza muda, huko ulikotoka mvua inanyesha? Ameona namba za gari ni za Dallas. Basi. Kosa lake ni hilo tu, kuwa mkarimu. Chigurh anamuuliza wewe inakuhusu nini nilikotoka, na kuanzia hapo mzee anajaribu kurudi nyuma na kila akirudi anakuta ukuta. Anaulizwa analala saa ngapi. Anaulizwa hii sehemu ameipataje, inatokea ni ya baba mkwe wake. Chigurh anakula korosho, anaikunja ile karatasi ya korosho anaiweka mezani, na kamera inakaa pale ikiangalia karatasi inavyojikunjua yenyewe taratibu. Alafu anatoa sarafu anairusha, anamwambia chagua. Mzee anauliza nachagua nini, naweka nini, anajibiwa umekuwa ukiweka maisha yako yote ila ulikuwa hujui tu. Anachagua, anapatia, na bado anaambiwa hiyo sarafu usiitie mfukoni itachanganyika na zingine iwe sarafu tu. Alafu Chigurh anamalizia, na kweli ni sarafu tu.

Kwanini inafanya kazi? Kwasababu sisi tunajua na mzee hajui. Mwanzoni kabisa mwa muvi tumeshaona huyu mtu akimnyonga polisi kwa pingu alizofungwa nazo mwenyewe, na akimsimamisha dereva barabarani akamuwekea ule mpira kwenye paji la uso kwa upole kama daktari. Vifo viwili, vya mapema, vya haraka. Baada ya hapo mwandishi ameshapata mtaji, anaweza kumkalisha muuaji wake mbele ya mtu yeyote, wakazungumzia hali ya hewa, na wewe huku unang'ata kucha. Kwaiyo kanuni ya kwanza ya kuandika: ua mapema, ua kidogo, alafu zuia. Ukiua kila dakika tano mtaji unauchoma wote, watazamaji wanazoea, na mtu akishazoea kifo cha kwenye muvi anachukua simu anaangalia status.

Sasa huyo mtu unamtafutaje. Asiwe mpelelezi, asiwe muuaji mwenzake, hao wana bunduki na wakikutana inakuwa mechi. Mtafute mtu wa kazi za kila siku ambaye ana sababu ya kuwepo pale hata kama muuaji asingekuja: muuza duka, dereva, nesi wa zamu ya usiku, mlinzi, dada wa mapokezi, fundi wa lifti. Michael Mann kwenye Collateral ya 2004 alichukua dereva teksi, Max, kaigiza Jamie Foxx, akampakiza Tom Cruise kama Vincent, mvi kichwani, suti ya kijivu, usiku mmoja Los Angeles, watu watano wa kuua na dereva ni huyo huyo. Ile muvi yote ni maongezi ya kiti cha mbele na kiti cha nyuma. Max ana picha ya kisiwa cha Maldives kaiweka kwenye kile kikinga jua cha gari, akichoka anaiangalia, ana ndoto ya kuanzisha kampuni ya magari ya kifahari, anasema teksi ni ya muda tu. Muda tu wenyewe ni miaka kumi na miwili. Na anayemwambia ukweli kwamba hiyo kampuni hutaifungua kamwe ni muuaji. Yaani mtu mwenye haki ndogo kuliko wote ya kumshauri mwenzake ndo anamshauri, na ushauri ni wa kweli, na ni huo huo ushauri unaomfanya Max akanyage mafuta mpaka gari linapinduka nao wote.

Oscar za mwaka ule ilikuwaje? Jamie Foxx ndo alitajwa kugombea kwa hiyo muvi, muigizaji msaidizi, usiku ule ule aliochukua ya muigizaji bora kwa Ray. Tom Cruise hakutajwa. Simdharau Cruise, kwangu ile ni moja ya kazi zake bora maisha yake yote, ila inakuonyesha uzito wa muvi ya muuaji unakaa upande gani. (Alafu kuna mtu hapo ndani anaitwa Felix, bosi wa madawa, ana sini moja tu ya kuongea kuhusu Santa Claus na inatisha vibaya. Ni Javier Bardem, miaka mitatu kabla hajawa Chigurh.)

Ukishampata huyo mtu, kazi inayofuata ni chumba. Muuaji wako analala wapi? Waandishi wengi wanaruka hapa wanampeleka moja kwa moja kazini, na ndo maana anakuwa kivuli. Jean-Pierre Melville mwaka 1967, Le Samouraï, alianza na chumba. Alain Delon kama Jef Costello kalala kitandani kwenye chumba cha kijivu, unaona moshi wa sigara kabla hujamuona yeye, na kuna ndege kwenye tundu anapiga kelele. Basi. Karibu dakika kumi za mwanzo hakuna anayeongea. Anaamka, anavaa koti, anaweka kofia mbele ya kioo anapitisha vidole ukingoni, anatoka anaiba Citroën kwa kujaribu funguo moja baada ya nyingine kutoka kwenye rundo la funguo, taratibu, bila wasiwasi. Mwanzo kuna maneno yameandikwa yanayosema hakuna upweke kama wa samurai, yanadaiwa yametoka kwenye kitabu cha Bushido, na Melville aliyatunga mwenyewe! Na yule ndege sio pambo, baadae Jef anarudi nyumbani anaona ndege ana wasiwasi, manyoya yamedondoka, anajua kuna mtu ameingia humu ndani, anaanza kutafuta mpaka anakuta kinasa sauti kimefichwa. Kitu kimoja chumbani, kimefanya kazi mbili: kimetuonyesha upweke wake na kimempa tahadhari. Hicho ndo kipimo, kitu ulichokiweka kwenye chumba cha muuaji wako kama hakifanyi kazi kwenye hadithi kitoe.

Wengine wote wamekopi hapo kwa namna zao. Luc Besson, 1994, Léon, kaigiza Jean Reno, anakaa New York, anakunywa maziwa, anafuta majani ya ua lake la kwenye chungu kila siku kama mtoto, hajui kusoma, analala kwenye kiti. Jim Jarmusch mwaka 1999 na Ghost Dog, Forest Whitaker (huyo huyo aliyepata Oscar kwa kumuigiza Idi Amin, muvi waliyoenda kupigia Uganda), yeye anaishi juu ya paa na njiwa wake, bosi wake hata hajui anapokaa, wanawasiliana kwa njiwa! Rafiki yake mkubwa ni muuza ice cream anayeongea Kifaransa tu, yeye anaongea Kiingereza tu, hawaelewani hata neno na wanasema kitu kile kile wote wawili. Kaigiza Isaach de Bankolé wa Ivory Coast. Ukitaka kujifunza kuandika urafiki angalia hizo dakika chache, ni tamu ajabu.

Kwa huku kwetu usimpangishie muuaji wako jumba la Masaki lenye bwawa, nani ataamini. Mpangishie chumba na sebule, choo cha nje mnashea na wapangaji wengine. Jirani anayegonga kuomba kiberiti. Mama mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita. Yaani mtu anayeogopwa mji mzima anajificha mama mwenye nyumba, hapo tayari una sini.

Ua, maziwa, ndege, njiwa, usivichukue. Vimeshachukuliwa. Hata "siui wanawake wala watoto", ile kanuni ya Léon, imeshatumika mpaka imechakaa, kila muuaji wa series za siku hizi anaisema kabla hajanywa chai.

Ila kanuni lazima iwepo, hilo nakubali, ila iwe ya kwake na iwe ya kuvunjika. David Fincher alifanya mchezo mzuri sana na hii kwenye The Killer ya 2023. Michael Fassbender anakaa Paris kwenye ofisi tupu akimsubiri mtu wa hoteli ya ng'ambo ya barabara, anasikiliza The Smiths, anapima mapigo ya moyo, na kichwani anatuhubiria kanuni zake, fuata mpango, usibuni kitu palepale, usimuonee mtu huruma. Dakika ishirini hivi za mahubiri. Alafu anapiga risasi, anamkosa. Anampata mtu mwingine. Na kuanzia hapo muvi nzima ni mtu anayerudia kanuni zake huku anazivunja moja moja, na hacheki, ila wewe unacheka. Halafu sasa angalia nani anamuacha hai mwishoni: kaua dereva teksi, kaua katibu muhtasi aliyemuomba tu afe kwa namna ambayo watoto wake watalipwa bima, ila yule tajiri aliyelipa pesa yote hiyo itokee, huyo anamtisha tu anaondoka. Mimi hiyo iliniuma kuliko damu yote ya humo ndani, na Fincher hajasema neno hata moja la kutuelekeza tujisikie vipi. Kwaiyo sio lazima huyo mtu asiyeuliwa awe mwema. Ukimuacha hai mtu mbaya na ukamuua mnyonge umeshasema kitu kikubwa kuhusu dunia bila hotuba.

Swali lingine watu wanaloniuliza sana, namfanyaje aonekane hatari bila bajeti ya eksheni. Jibu rahisi, waache wengine waongee. John Wick ya kwanza, 2014, imeongozwa na Chad Stahelski ambaye alikuwa stanti wa Keanu Reeves kwenye The Matrix. Kijana wa bosi wa Kirusi ameiba gari la John na kumuulia mbwa, mbwa ambaye mke wake marehemu alimuachia. Bosi anampigia simu fundi gereji, kwa hasira, nasikia umempiga mwanangu makofi, nataka kujua kwanini. Fundi anajibu, ameiba gari la John Wick na amemuua mbwa wake. Bosi anakaa kimya sekunde kadhaa. Anasema "Oh." Anakata simu. Hakuna risasi, hakuna gari, ni mtu na simu, gharama yake ni umeme tu wa taa, na hapo ndo John Wick alizaliwa kama jina. Ile habari ya kuua watu watatu baa kwa penseli tunaisikia tu kwa mdomo wa bosi huyo huyo akimuelezea mwanae amemchokoza nani, penseli yenyewe tulikuja kuiona ya pili, 2017.

Sini yenyewe ninayoipenda humo ni ya askari. John ameshaua watu nyumbani kwake, maiti zimelala sakafuni, anagonga polisi mlangoni. Jimmy. Anachungulia nyuma ya John, anaona mguu wa maiti, anauliza, umerudi kazini? John anasema hapana, kuna vitu naviweka sawa. Jimmy anasema basi nakuacha, usiku mwema. Na baadae kule klabu anakutana na mlinzi mmoja, Francis, wanafahamiana, anamwambia umepungua, jamaa anafurahi anataja kilo alizopunguza, John anamwambia kwanini usipumzike usiku huu, naye anasema asante bosi, anavua kifaa cha sikioni anaondoka. Watu wawili hawajauliwa, na kwa hao wawili tumejua John ana jana yake, anafahamiana na watu, ana adabu. Kwenye muvi yenye maiti kama mvua, hao wawili ndo wanamfanya awe binadamu.

Kuhusu maongezi nitakuwa mfupi. Wauaji wako wakiwa wawili wasiongelee kazi. Pulp Fiction ya 1994 ilishamaliza huu ubishi, Jules na Vincent wanaenda kuua na kwenye gari wanapiga stori za jina la baga Ufaransa. Na ile aya ya Ezekieli 25:17 anayoisoma Jules kabla hajaua, ukifungua Biblia yako utakuta mstari wenyewe ni mfupi, maneno mengi ya Jules hayamo. Ila angalia mwisho, Jules anaisoma ile aya mara ya mwisho mgahawani kwa kibaka aliyemnyooshea bastola, na safari hii anaielezea, anasema sikuwahi kufikiria maana yake, alafu anampa pesa zilizomo kwenye pochi yake anamuacha aende. Mwenzake Vincent tulishamuona akiuliwa mapema kwenye muvi, ingawa kwa mpangilio wa matukio ni baadae, anatoka chooni, bunduki kaiacha jikoni. Jules aliyemuacha mtu anaacha kazi anaondoka hai, Vincent anayerudi kazini anafia bafuni na kitabu mkononi.

Kuna na aina nyingine, In Bruges, 2008, ya Martin McDonagh. Colin Farrell kwenye kazi yake ya kwanza amemuua padri aliyetumwa kumuua na risasi ikampata mtoto mdogo bahati mbaya. Wanapelekwa Ubelgiji wakae kimya, mwenzake mzee, Brendan Gleeson, anapewa amri amuue kijana. Anamfuata kwenye bustani, anatoa bastola, anamnyemelea kwa nyuma, na anakuta kijana mwenyewe ameshika bastola anataka kujiua. Anapiga kelele acha! Muuaji aliyekuja kuua anamzuia mtu asife. Ni ya kuchekesha na ni ya kulia, kwa wakati mmoja, na ukitaka kuandika kitu kama hicho njia ni hiyo: msababishie mtu wako apewe kazi ambayo mwili wake utaikataa.

Najua kuna wa kuniletea The Day of the Jackal ya 1973, Edward Fox, anayetumwa kumuua rais wa Ufaransa de Gaulle. Yule hana huruma, aliyemtengenezea vitambulisho kafa, mwanamke aliyemhifadhi kafa, na bado anakumbukwa miaka hamsini baadae. Ni kweli. Pale kinachokushika ni ufundi, anavyopaka gari rangi upya, anavyoficha bunduki ndani ya gongo la kilema, anavyolifunga tikiti kwenye mti analijaribia risasi, anarekebisha darubini, anapiga tena, mpaka tikiti linapasuka lote. Na sote tunajua de Gaulle alikufa nyumbani kwake 1970 lakini unakaa saa mbili na zaidi moyo unadunda. Inawezekana, ila inahitaji utafiti wa kufa mtu na mkono wa Fred Zinnemann. Na hata hapo, kinachomponza ni nini? De Gaulle anainama kumbusu askari mzee shavuni na risasi inapita. Kama ndo skripti yako ya kwanza usianzie huko.

Ukija kwenye mwisho una tatizo la kikwetu kabisa. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, Lufufu anatafsiri juu kwa juu, na majirani zetu wa Kenya na DJ Afro wao, tuna sheria moja isiyoandikwa: stelingi hafi. Sasa muvi za wauaji wa kulipwa zinaivunja hiyo sheria kila siku. Jef anakufa. Léon anakufa. Vincent wa teksi anakufa ndani ya treni, na mwanzoni alishasimulia habari ya mtu aliyefia kwenye treni akazunguka nayo masaa bila abiria kugundua. Chow Yun-fat kwenye The Killer ya John Woo, Hong Kong 1989, alimpofusha dada muimbaji bila kukusudia kwenye majibizano ya risasi, anafanya kazi nzima ya muvi kumtafutia hela ya upasuaji wa macho, na mwisho anapigwa risasi za macho yeye mwenyewe, wanatambaa kutafutana chini wanapishana. Ukatili ule sijui Woo aliutoa wapi. Hata John Wick, ya nne ya 2023, tumeonyeshwa kaburi.

Kwaiyo ukimuua stelingi wako jiandae kwa makelele, na njia ya kuyapunguza ni kuhakikisha yule mtu ambaye hakuuliwa yupo kwenye dakika za mwisho, kwasababu watazamaji wanahitaji wa kuondoka naye. Mathilda, mtoto ambaye Léon alimfungulia mlango (ile sini ya mlango, familia imeuliwa chumba cha jirani, mtoto kashika mfuko wa vitu vya dukani analia chinichini fungua tafadhali, na Léon anachungulia kwenye tundu anasitasita, we huna moyo kama hukuacha kupumua), yeye ndo anaenda kupanda lile ua ardhini kwenye shule. Le Samouraï, Jef anamuelekezea bastola mpiga piano mbele ya watu wote, polisi wanamuua, wanafungua bastola yake haina hata risasi moja. Hakuja kumuua. Na dada wa piano ndo kabaki pale kakaa. Chigurh je? Anagongwa na gari, mfupa umetokeza nje ya mkono, wanakuja vijana wawili na baiskeli, ananunua shati kwa mmoja wao afungie mkono, anawaambia hamjaniona, anachechemea anaondoka, na wale watoto wanaanza kubishania hela.

Kabla ya hapo kaenda nyumbani kwa Carla Jean, mke wa jamaa aliyemkimbiza muvi nzima, akamrushia sarafu. Kwenye kitabu anachagua na anakosea. Kwenye muvi anakataa kuchagua, anamwambia sarafu haina la kusema, ni wewe tu. Tunakata, Chigurh anatoka mlangoni anakagua soli za viatu vyake. Basi, umeelewa. Hakuna damu, hakuna mlio. Kwa sisi tusio na hela za damu ya kompyuta hiyo ni zawadi, chukua.

Sasa ukifika wakati wa kupiga picha, mambo machache ya kazi. Muigizaji wako bora usimpe nafasi ya muuaji, mpe ya yule mtu mwingine. Muuaji anaweza kuigizwa na mtu yeyote mwenye uwezo wa kukaa kimya na kutembea bila kujivuna. Yule mzee wa sheli anaitwa Gene Jones, sio staa, ana sini moja tu kwenye muvi nzima, ila ukimtoa yeye Chigurh anabaki mtu mwenye nywele mbaya. Anza kupiga na sini yao wawili, siku ya kwanza, watu wakiwa bado wana nguvu na hela ya chakula bado ipo. Kama haifanyi kazi meza na viti viwili tu, hata ukilipia magari ya kulipuka hutaiokoa.

Na kibali, tafadhali. Bodi ya Filamu kwa Tanzania, KFCB (bodi ya kuainisha filamu) kwa Kenya, alafu serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha karibu wajue siku na saa, haswa kama kuna bastola ya plastiki. Hiyo bastola ikae kwenye mfuko mpaka kamera iwe tayari, ikishatoka ishikwe na mtu mmoja aliyepangwa, na mkimaliza irudi mfukoni kabla muigizaji hajaenda kununua maji ng'ambo ya barabara na lile koti lake la ngozi.